Pahali pa Arifa: Ushauri kwa Wafanyao Kazi kwa Skrini Mbili au Zaidi

Mtu aliyezoea kufanya kazi kwa skrini moja, kisha akajaliwa kuongezewa ya pili au ya tatu, aghalabu hudhani kuwa amezidishiwa nafasi na si kitu kingine: hesabu zikae upande huu, barua zikae upande ule, na hati anayoiandika ikae mbele ya macho yake. Dhana hiyo ni sahihi kwa kiasi chake, lakini haikukamilika, kwa sababu kompyuta za siku hizi zina tabia ya kutoa arifa, yaani vile visanduku vidogo vya maandishi vinavyochomoza pembeni kutangaza kwamba barua pepe imeingia, kwamba mkutano unakaribia, au kwamba fulani amesema neno katika kundi la WhatsApp. Na kila eneo la kioo analoongezewa mtu ni eneo jipya ambalo jicho lake laweza kuitwa pasipo ridhaa yake. Katika desturi za watu wa pwani mgeni hupiga hodi, na asipoitikiwa mara ya tatu hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Arifa haipigi hodi wala haingoji karibu, bali huingia moja kwa moja hadi chumba cha ndani, ikamkuta mwenye nyumba katikati ya jambo lake.

Nimewaona watu wa kazi mbalimbali, makarani, wahasibu, wafasiri na wahariri, wakisumbuka na udhia huu kwa njia mbili zisizofaa. Wako wanaouvumilia wakidhani ni sehemu ya kazi, na wako ambao siku moja huhamaki wakazima kila kitu, kesho yake wakakosa mkutano kwa sababu hawakukumbushwa, na kesho kutwa wakawasha vyote tena kama vilivyokuwa. Shauri langu liko baina ya hayo mawili: mwenye skrini nyingi na achague kwa makusudi skrini moja ya kupokelea arifa zote, isiwe ile anayoifanyia kazi nzito wala isiwe ile anayowaonyesha watu, kisha azipunguze arifa zenyewe mpaka zibaki zile tu ambazo kuchelewa kwake kungeleta hasara. Pahali kwanza, idadi baadaye, kwa kuwa wengi huanza na idadi, wakachoka kabla ya kufika kwenye pahali, ilhali pahali ndipo penye nusu ya faraja.

Inafaa tujue kwanza kwa nini skrini ya kando huzidisha taabu badala ya kuipunguza. Jicho la mwanadamu halioni kwa ukali mmoja kila upande. Sehemu yake iwezayo kusoma herufi ni ndogo mno, yapata nyuzi 2 za pembe, ambazo ni kiasi cha upana wa kidole gumba mkono ukinyooshwa mbele. Vilivyo nje ya hapo huonekana kwa ukungu, ila ukungu huo una uhodari wake mahsusi, nao ni kutambua kitu kinachotikisika au kuchomoza ghafla. Basi kisanduku kinachoteleza na kuingia katika skrini ya kando huliita jicho kwa nguvu, lakini hakisomeki mpaka kichwa kigeuzwe, na kichwa kikishageuzwa kazi imekwisha kukatika, hata ikiwa habari yenyewe ni ya duka linalotangaza viatu. Skrini mbili za inchi 24 zikipangwa sambamba hufanya upana unaozidi mita 1, na safari ya jicho kutoka pembe hii hadi ile, na kurudi, na kuutafuta mstari ulioachwa, si safari fupi kama inavyodhaniwa.

Wataalamu wameipima athari hiyo. Mwaka 2008 Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, pamoja na wenzake Daniela Gudith na Ulrich Klocke, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo watu walipewa kazi ya ofisini huku wakikatizwa: waliokatizwa waliimaliza kazi kwa muda mfupi zaidi, jambo ambalo mtu angeweza kulifurahia, lakini walilipia haraka hiyo kwa dhiki, kero na juhudi kubwa kuliko wenzao walioachwa watulie. Na mwaka 2015 Cary Stothart na wenzake wa Florida State University walionyesha kwamba simu kulia au kutetemeka tu, pasipo mwenyewe kuigusa wala kuitazama, kulitosha kuwaharibia watu utendaji katika kazi inayotaka makini. Nayataja haya kwa ajili ya wale wasemao, “Mimi huziona lakini sizijali.” Kutoijali arifa nako ni kazi, na nguvu inayotumika katika kutojali imetolewa katika fungu lile lile la nadhari ambalo lilikuwa la hesabu au la tafsiri.

Chukua mfano wa karani wa kampuni ya uwakala wa forodha mjini Mombasa. Katika skrini ya kushoto amefungua ankara na hati ya shehena. Katika skrini ya kulia amefungua fomu ya tamko la forodha. Kila bidhaa iliyomo katika kontena sharti ipewe namba yake ya tarakimu 8 kwa mujibu wa Jedwali la Ushuru wa Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na thamani yake, na uzito wake. Karani husoma kushoto, akayabeba aliyoyasoma akilini, akahamisha macho, akayaandika kulia. Kazi ya skrini mbili kwa tabia yake ni kazi ya kubeba, na wenye kubeba huanguka njiani. Arifa ikichomoza katika kipindi kile kifupi cha kuvuka kutoka kioo hiki kwenda kingine, ndipo tarakimu mbili hubadilishana nafasi, au mstari mmoja wa ankara ukarukwa, na kosa la namna hiyo halijulikani siku ile, hujulikana baadaye, wakati mzigo umezuiliwa bandarini na gharama za kuchelewa zinahesabiwa kwa siku. Mhasibu anayelinganisha taarifa ya benki na daftari lake, na mfasiri mwenye matini ya asili upande mmoja na tafsiri upande wa pili, wamo katika hali hiyo hiyo.

Sasa natuje kwenye pahali. Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 huipa skrini moja cheo cha ukuu, na kwa kawaida yake arifa hutokea katika pembe ya chini upande wa kulia wa skrini hiyo kuu, hata ungekuwa umeunganisha skrini nne. Watu wengi hukipa cheo hicho kile kioo kikubwa kilicho mbele yao, kwa kuona kwamba kikubwa ndicho kinachostahili ukuu, na kwa kufanya hivyo huziita arifa zote zije kukaa juu ya kazi yao. Mimi nasema kinyume chake: ukuu na uende kwa skrini ya kando, mathalani kioo kidogo cha kompyuta ya mkononi iliyowekwa upande wa kushoto na chini kidogo ya usawa wa macho, na kioo kikubwa kibaki bila ya cheo, kikiwa kimetulia. Njia yake ni fupi. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Mfumo, kisha sehemu ya onyesho, nawe utaona mistatili yenye namba, kila mmoja ukiwakilisha skrini moja. Bonyeza mstatili wa skrini unayoitaka, teremka hadi palipoandikwa habari za skrini nyingi, utie alama katika kisanduku cha kuifanya hiyo kuwa kuu. Ukiwa hapo hapo, iburute ile mistatili mpaka mpangilio wake ufanane na mpangilio wa skrini zilivyo mezani, maana pasipo kufanya hivyo kipanya kitatoka kulia ilhali wewe ulikitarajia kushoto.

Mabadiliko haya yana gharama yake, na si haki kuificha. Ukuu wa skrini huandamana na mambo mengine: aikoni za mezani huhamia huko, na baadhi ya programu hupenda kufungukia huko. Kwa siku chache za mwanzo utakuta dirisha limefunguka pasipo matarajio yako. Dawa yake ni kulihamisha kwa kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na kile cha herufi kubwa (Shift) na mshale wa upande unaoutaka, na programu nyingi zitakumbuka zilipofungwa mara ya mwisho, zikafungukia papo hapo. Ukanda wa chini wenye aikoni unaweza kuamriwa uonekane katika skrini zote, hivyo hutalazimika kuvuka kila unapotaka kufungua kitu. Nimeipima gharama hii dhidi ya faida yake, na sina shaka kwamba faida ni kubwa zaidi kwa yeyote ambaye kazi yake ni ya kusoma na kuandika. Kwa mtu wa michezo ya kompyuta, ambayo aghalabu hufungukia skrini kuu, hesabu ni tofauti, naye afanye lililo sawa kwake.

Skrini ikishateuliwa kuwa ya arifa, ni vema programu za mawasiliano nazo zikae huko zote: barua pepe, kalenda, na WhatsApp ya kompyuta. Faida ya kuziweka pamoja ni kwamba mtu akigeuza shingo kwenda upande ule anajua ametoka kazini na kwenda kwenye mawasiliano, na akirejea anajua amerejea. Mpaka unakuwa wa mwili, si wa nia peke yake, na nia peke yake hushindwa mapema, hasa baada ya saa za adhuhuri.

Wenye kompyuta za Apple wana Kituo cha Arifa tangu mwaka 2012, na kwao visanduku hutokea katika pembe ya juu upande wa kulia. Skrini kuu huchaguliwa katika mipangilio ya maonyesho, kwa kuuhamisha ukanda mweupe ulio juu ya mchoro wa skrini au kwa kuchagua matumizi ya kila skrini, kwa kutegemea umri wa mfumo wako. Ukishachagua, jitumie barua pepe uone arifa inatokea wapi, kisha urekebishe. Jaribio hilo la dakika moja lina thamani kuliko maelezo ya kurasa. Wenye Linux wamepewa uhuru mkubwa zaidi. Katika mazingira ya GNOME arifa hutokea juu, katikati ya skrini kuu; katika KDE Plasma mtumiaji huchagua mwenyewe pembe ya kutokea; katika Xfce huulizwa kama anataka arifa zitokee katika skrini kuu au katika ile yenye kipanya; na programu ndogo iitwayo dunst, wanayoipenda mafundi, hukubali kuambiwa iifuate skrini yenye kipanya, au yenye dirisha linaloandikwa, au isifuate chochote ikae ilipowekwa. Kufuata kipanya huwavutia watu kwa kuwa kunaonekana ni kuhudumiwa, lakini ndiko kuletewa usumbufu pale pale unapofanya kazi. Namshauri kila mtu akuepuke, isipokuwa yule ambaye kazi yake yenyewe ni kungojea tahadhari, kama fundi wa zamu anayeangalia mitambo ya kompyuta usiku.

Kuna jambo la umeme ambalo vitabu vya ughaibuni havilitaji, nasi hatuwezi kulipita. Umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi huendelea kwa betri, lakini skrini ya nje huzimika, na madirisha yote hukimbilia kwenye kioo kimoja kilichobaki, pamoja na cheo cha ukuu ikiwa kilikuwa kwenye ile iliyozimika. Hii ni hoja nyingine ya kukipa ukuu kioo cha kompyuta yenyewe: umeme uje uende, arifa zitabaki mahali pamoja. Windows 11 inao uwezo wa kukumbuka madirisha yalikaa wapi kabla ya skrini kutoweka na kuyarudisha inaporejea, nao upo katika ile ile sehemu ya skrini nyingi, hakikisha umewashwa. Kadhalika, baadhi ya skrini zikizimwa kwa kitufe chake, kebo ikiwa bado imechomekwa, kompyuta huendelea kuzihesabu kuwa zipo, na kama mojawapo ndiyo kuu, arifa zitatokea juu ya kioo cheusi ambacho hakuna akionaye. Mtu hukaa akilaumu programu ya barua kwamba haimwarifu, kumbe amearifiwa asubuhi nzima. Ukikusudia kufanya kazi kwa kioo kimoja, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P, uchague skrini ya kompyuta pekee. Na ukishuku kuwa kuna kilichokupita, nembo ile ile pamoja na herufi N katika Windows 11, au herufi A katika Windows 10, itakufungulia orodha ya arifa zilizokwisha tokea.

Muda nao una hukumu yake. Kisanduku cha Windows hukaa sekunde 5 kisha hutoweka, na sekunde 5 ni chache kwa skrini ambayo huitazami. Maadamu umezihamishia arifa kando, ziongezee umri: katika mipangilio ya ufikivu, sehemu ya athari za kuona, muda huo waweza kufikishwa hadi dakika 5. Mimi napendelea sekunde 15 au 30, muda wa kuumaliza mstari unaouandika, kuweka nukta, ndipo ugeuke. Mabadiliko haya madogo yana tofauti kubwa katika hali ya moyo, kwa kuwa mtu anayejua kwamba habari itamngoja haruki ghafla kama anayekimbiza kitu kinachotoroka.

Baada ya pahali na muda, ndipo tufike kwenye kupunguza. Anza na yanayorudiwa, maana hayo hayahitaji kufikiriwa mara mbili. Ujumbe mmoja wa WhatsApp waweza kumfikia mtu kwa simu iliyo mezani, kwa programu ya WhatsApp ya kompyuta, kwa ukurasa wa WhatsApp uliofunguliwa katika kivinjari, na kwa programu inayounganisha simu na kompyuta ambayo huziakisi arifa zote za simu. Mara nne kwa neno moja la “sawa”. Chagua njia moja, ziondoe tatu. Ile ya kuakisi simu ndiyo ya kwanza kuondolewa, isipokuwa kwa mtu anayeiacha simu yake mbali. Kisha ndani ya WhatsApp yenyewe nyamazisha makundi, yote, hata ya jamaa na ya kamati ya harusi, uwaache watu binafsi. Mwenye shida nawe ya kweli atakuandikia wewe, hataliandikia kundi la watu mia.

Halafu ziko tovuti, nazo ndizo ninazozionea uchungu zaidi, kwa sababu hapa watu hudhulumiwa. Vivinjari vimeziruhusu tovuti kuomba idhini ya kutuma arifa kwa miaka mingi sasa, Chrome tangu 2015 na Firefox tangu 2016, na watu wengi wamekubali maombi hayo bila ya kuyasoma, kwa kutaka tu kuiona habari iliyokuwa nyuma yake. Mwanzoni mwa 2020 vivinjari vyote viwili vilianza kuyatuliza maombi hayo, lakini idhini zilizokwisha tolewa kabla ya hapo hazikufutika zenyewe. Matokeo yake ni kwamba mzee wa watu, aliyestaafu na anayetumia kompyuta kusoma magazeti na kuwasiliana na watoto walioko Muscat au Toronto, huona katika pembe ya skrini yake kisanduku kinachomwambia kwamba kompyuta yake ina virusi na abonyeze hapa haraka. Hiyo si sauti ya kompyuta. Ni tovuti iliyopewa idhini siku nyingi, na ukitazama kwa makini utaona ndani ya kisanduku jina la kivinjari pamoja na anwani ya tovuti. Usibonyeze. Fungua mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha na ruhusa za tovuti, uitafute orodha ya arifa, na uifute kila tovuti ambayo huwezi kutaja sababu ya kuiruhusu. Mwenye maarifa haya na amfanyie mzazi wake hivyo siku atakapokwenda kumwamkia; ni khidma ya robo saa.

Barua pepe ziondolee kisanduku kabisa, uziachie alama ya idadi tu kwenye aikoni. Barua kwa asili yake ni kitu kinachosubiri. Zinazostahili kubaki ni chache: ukumbusho wa mkutano, simu inayoingia, betri inayokwisha, na mtu mmoja au wawili ambao kazi yako inasimama wasipojibiwa. Kwa karani wetu wa forodha huenda ikawa ni mwenzake aliyeko bandarini anayesema kwamba afisa wa ukaguzi amefika. Hilo halingoji, na lipewe njia.

Kwa saa za kazi nzito iko hali ya Usinisumbue, ambayo Windows na macOS zote zinayo, na GNOME pia. Arifa huingia kimyakimya katika orodha, nawe huzisoma utakapo, na waweza kutaja programu chache zinazoruhusiwa kupita. Iwekee saa maalumu ili isitegemee kumbukumbu yako: mathalani iwake saa tatu asubuhi, izimike saa tano na nusu, iwake tena saa nane. Simshauri mtu aiache imewaka siku nzima. Mwaka 2019 Nicholas Fitz na wenzake walitoa utafiti juu ya arifa za simu, wakaona kwamba watu waliokusanyiwa arifa zao na kuletewa mara 3 kwa siku walijisikia watulivu na wenye tija zaidi, lakini walionyimwa arifa kabisa walishikwa na wasiwasi wa kukosa mambo. Moyo wa mtu hautulii kwa kukatiwa habari. Hutulia kwa kujua lini itafika.

Yamebaki ya faragha, nayo ni mazito. Skrini nyingi mara nyingi maana yake ni projekta ya ukumbini au kioo kikubwa cha chumba cha mikutano, na hapo arifa haimkatizi mwenyewe tu, humvunjia sitara. Jina la mgonjwa, mshahara wa mfanyakazi, ugomvi wa nyumbani, au namba ya siri ya muda iliyotumwa na benki na kuakisiwa kutoka kwenye simu, vyote vimeweza kuonwa na watu arobaini kwa sababu ya kebo moja. Windows inayo kanuni ya kuwasha hali ya Usinisumbue yenyewe pale unapokirudufu kioo chako, yaani pale ukumbi unapoona kile kile unachokiona wewe. Wengi huitegemea kanuni hiyo pasipo kujua kwamba haikuwekewa hali ya kutandaza, ambapo projekta huwa skrini ya pili yenye mambo yake. Katika kutandaza kinga yako ni ule ule ukuu: projekta isiwe kuu, na arifa zitabaki kwako. Hata hivyo iwashe hali ya Usinisumbue kwa mkono kabla ya kuchomeka kebo, isiwe baada yake. Kwa macOS kuna ruhusa ya kuonyesha arifa wakati skrini inaporudufiwa au kushirikishwa, hakikisha imezimwa. Katika mikutano ya Zoom au Teams shirikisha dirisha moja, usishirikishe skrini nzima, na ukilazimika kushirikisha skrini nzima, basi iwe ile isiyo kuu.

Na sauti isisahauliwe. Kebo ya HDMI hubeba picha na sauti kwa pamoja, na kompyuta ikichomekwa mara nyingi huhamishia sauti yake huko bila ya kukuuliza, ikawa kile kilio kidogo cha ujumbe ambacho mezani hukisikii vizuri kinanguruma kutoka kwenye vipaza sauti vya ukumbi katikati ya hotuba. Bonyeza alama ya sauti, uchague inakotokea, au uizime milio ya arifa moja kwa moja. Aliyefungua akaunti za wateja au majalada ya wagonjwa kaunta, na skrini yake moja ikiwa imewaelekea wanaohudumiwa, na azime pia maandishi ya ndani ya arifa, ibaki taarifa kwamba ujumbe umeingia pasipo kusema umesema nini.

Haya yote mtu aweza kuyafanya peke yake, lakini hayatadumu ikiwa ofisi yake inadai jibu kwa kila neno papo hapo. Mkuu wa idara anayewapenda watu wake na awaambie bayana: jambo la dharura lipigiwe simu, jambo la leo liandikwe kwenye ujumbe, jambo la wiki liandikwe kwa barua pepe, na asiyejibu ujumbe kabla ya saa moja kupita asihesabiwe kuwa mzembe. Neno hilo likisemwa na mkuu mara moja, makarani kumi hupata ujasiri wa kunyamazisha makundi ambayo hawakuthubutu kuyagusa.

Programu mpya zitaendelea kuingia, na nyingi huja zikiwa zimejipa ruhusa. Katika Windows usipoteze wakati kuitafuta programu katika orodha ya arifa siku unapoiweka, kwa kuwa nyingine hazionekani humo mpaka zitume arifa yao ya kwanza. Subiri itume, itakapochomoza, bonyeza vile vitone vitatu vilivyo kwenye kisanduku chenyewe, nawe utapewa papo hapo nafasi ya kuizima au kwenda kwenye mipangilio yake na kuiamulia mlio, kisanduku na cheo.